Léon Foucault: aliacha udaktari kwa kuogopa damu, akafundisha darubini kuona sawasawa kwa wembe

Léon Foucault alikufa Paris tarehe 11 mwezi wa pili mwaka wa 1868, akiwa na miaka 48. Alipoanza kazi ya sayansi hakuwa na diploma yoyote ya fizikia. Masomo ya udaktari aliyaacha njiani, na wakubwa wa sayansi wa Ufaransa walimfungia mlango kwa miaka mingi. Hata hivi, zaidi ya miaka 150 kisha kifo chake, mtu anayeunda darubini nyumbani kwake bado anafuata njia aliyoionyesha Foucault. Chombo kikubwa cha njia hiyo ni wembe.

Tunakumbuka maisha yake leo kwa sababu ya swali linaloonekana dogo, ambalo kila mpenzi wa nyota anayejiundia vyombo vyake anakutana nalo: namna gani ya kufunga moteri kwenye darubini ili picha ya nyota iwe safi?

Tufafanue kwanza. Darubini nyingi za kujiundia zina kioo chini ya mrija mkubwa. Kioo kinakusanya mwanga wa nyota na kuurudisha juu mpaka miale yote ikutane kwenye nukta moja. Hapo ndipo panawekwa lenzi ya jicho ao kamera, ndani ya mrija mdogo unaosogea mbele na nyuma. Ukisogeza kupita kiasi, nyota inavimba kama tone la mafuta kwenye maji. Ukisogeza pungufu, ni vilevile. Na kila mara mkono ukigusa mrija ule, darubini yote inatetemeka na nyota inaruka-ruka machoni. Ndiyo sababu watu wanaondoa mkono na kuweka moteri ndogo yenye waya mrefu.

Lakini moteri haina macho. Inasukuma tu, haijui wapi pa kusimama. Foucault alitoa jibu la swali hilo mbele ya moteri hizi kuwepo.

Mtoto asiyefaa darasani

Jean Bernard Léon Foucault alizaliwa Paris tarehe 18 mwezi wa tisa mwaka wa 1819. Baba yake alikuwa mchapishaji wa vitabu, na alikufa Léon akiwa bado mtoto. Mama yake ndiye aliyemlea, na karibu maisha yake yote Foucault aliishi naye nyumba moja. Hakuoa.

Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Shuleni hakuangaza, na ilibidi mama yake atafute walimu wa kumfundisha nyumbani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na akili ya ajabu. Alipokuwa kijana alijiundia vyombo vidogo vya kuchezea, mashine ndogo ya mvuke na mtambo wa kupelekea habari mbali. Hakuna mtu aliyemwagiza. Alitazama, akakata, akapima, akajaribu tena.

Mama yake alifikiri kwamba mikono kama hiyo inafaa kwa mpasuaji, kwa hiyo mtoto akaingia masomo ya udaktari. Mambo yakaharibika haraka. Foucault hakuweza kuvumilia kuona damu wala mateso ya wagonjwa, akaacha.

Hapo ndipo wazazi wengi, hata hapa kwetu Goma, wangesema kwamba mtoto amepotea. Lakini mwalimu mmoja wa udaktari, Alfred Donné, alikuwa ameiona mikono ile. Alimchukua kuwa msaidizi wake katika masomo ya hadubini. Picha za kwanza za kamera zilikuwa zimetangazwa Paris mwaka wa 1839, na Foucault alikuwa mmoja wa vijana waliokimbilia ufundi huo mpya. Mwaka wa 1845 Donné na Foucault walitoa kitabu cha picha za vitu vidogo kama vilivyoonekana kwa hadubini, zikiwemo chembe za damu. Kijana aliyekimbia damu ya wagonjwa alikuwa sasa akiipiga picha kupitia lenzi.

Mwandishi wa habari za sayansi

Mwaka huohuo wa 1845 Foucault alipata kazi nyingine ambayo sisi waandishi wa habari tunapenda kuikumbuka. Alichukua nafasi ya Donné kwenye gazeti la kila siku Journal des Débats, akiwaeleza wasomaji mambo yaliyozungumzwa katika mikutano ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Kwa miaka mingi aliandika huku akiendelea na majaribio yake. Hakuwaogopa wakubwa, na baadhi ya wale aliowachambua gazetini ndio waliokuwa na kura ya kumkubali ao kumkataa baadaye.

Katika ufundi wa picha alikutana na rafiki, Hippolyte Fizeau, aliyezaliwa siku tano tu kisha yeye. Tarehe 2 mwezi wa nne mwaka wa 1845 vijana hao wawili walipiga picha ya jua iliyoonyesha wazi madoa meusi yaliyo juu yake. Ni moja ya picha za kwanza kabisa za aina hiyo.

Urafiki haukudumu. Mwaka wa 1850 kila mmoja alikuwa akitafuta kwa upande wake jibu la swali lilelile: mwanga unakwenda haraka zaidi katika hewa ao katika maji? Jibu lingeamua ubishi wa muda mrefu juu ya mwanga wenyewe, kama ni chembe ao ni mawimbi. Foucault alitumia kioo kidogo kilichozunguka mamia ya mara kwa sekunde moja. Alitangaza jibu majuma machache mbele ya Fizeau: katika maji mwanga unapunguza mwendo, kama nadharia ya mawimbi ilivyosema. Mwaka wa 1862 alirudilia chombo hicho akiwa amekiboresha, akapata kwamba mwanga unakwenda kilometa 298 000 kwa sekunde. Hesabu ya leo ni 299 792. Alikosea chini ya sehemu 1 kwa 100, ndani ya chumba, na kioo chake kinachozunguka.

Mpira wa Panthéon, na vile ungekuwa Goma

Jambo lililomfanya ajulikane duniani kote ni penduli, yaani mpira mzito unaoning'inia kwenye waya mrefu na kubembea. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1851, chini ya nyumba aliyoishi na mama yake, Foucault aliona kwamba mstari wa kubembea kwa mpira unageuka polepole. Mpira wenyewe haugeuki. Ni dunia inayozunguka chini yake.

Mwezi wa tatu mwaka huo, kwa matakwa ya rais Louis-Napoléon Bonaparte, jaribio lilifanywa ndani ya jengo kubwa la Panthéon: waya wa meta 67, mpira wa kilo 28. Watu wa Paris walikuja kwa wingi kuona kwa macho yao kwamba dunia inazunguka. Ilikuwa jambo lililojulikana katika vitabu tangu zamani, lakini hakuna aliyekuwa amelionyesha kwa njia rahisi hivyo, ndani ya nyumba, bila kutazama nyota hata moja.

Kwa sisi wakaaji wa Kivu ya Kaskazini kuna jambo la pekee hapa. Mwendo wa kugeuka unategemea umbali wa mahali na ikweta. Paris, mstari wa penduli unamaliza mzunguko kwa saa 32 hivi. Ukitundika penduli ileile Goma, ambako tuko chini kidogo ya ikweta, ingehitaji siku 34 hivi ili kumaliza mzunguko mmoja. Na ukiipeleka kaskazini ya jimbo, mahali ambapo ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo, haitageuka kabisa. Mwalimu wa fizikia wa Butembo akifanya jaribio hilo na kuona mpira haugeuki, asifikiri amekosea. Ndilo jibu lenyewe.

Foucault alitoa kanuni ya mwendo huo bila hesabu ndefu. Wataalamu wa hesabu waliona haya kidogo: wamesoma maisha yao yote, na mtu ambaye hakupita shule zao amewatangulia. Walikimbilia kuandika uthibitisho. Mlango wa Akademia, lakini, haukufunguka.

Mwaka uliofuata, 1852, aliunda chombo kingine cha kuonyesha mzunguko wa dunia na kukipa jina la jiroskopu. Mwaka wa 1855 alionyesha kwamba sahani ya shaba ikizungushwa kati ya sumaku inapata moto. Mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya chuma namna hiyo bado inaitwa kwa jina lake katika shule zetu zinazofundisha kwa Kifaransa, na ndiyo inayosaidia breki za magari makubwa kwenye miteremko. Mwaka huohuo Waingereza walimpa medali ya Copley, heshima kubwa ya chama chao cha kifalme cha sayansi.

Kutoka chuma mpaka kioo chenye fedha

Mwaka wa 1855 Foucault alipata kazi ya kudumu kwa mara ya kwanza. Aliwekwa kuwa mtaalamu wa fizikia kwenye kituo cha uchunguzi wa nyota cha Paris, Observatoire. Neno hilo Goma tunalijua sana kwa sababu ya OVG, kituo chetu kinachochunga volkano. Cha Paris kilichunga mbingu.

Alikuta darubini ziko katika shida. Zile za lenzi zilikuwa ghali kupita kiasi, kwa sababu vioo vinene visivyo na kasoro ndani yake vilikuwa adimu. Zile za kioo cha kurudisha mwanga hazikuwa na kioo kweli: zilikuwa na sahani nzito ya shaba iliyochanganywa na bati. Sahani hiyo ilirudisha sehemu tu ya mwanga, na kisha muda iliingia weusi. Ili kuisafisha ilibidi isuguliwe upya, na kuisugua kulimaanisha kuharibu umbo lake. Kazi yote ilianza tena.

Foucault alichukua njia nyingine. Mwaka wa 1857 alichukua sahani ya kioo cha kawaida, akaisugua mpaka ikapata umbo la bakuli la kina kidogo sana, kisha akaifunika kwa tabaka jembamba la fedha kwa njia ya kemia. Hapa kioo ni kitanda tu cha fedha. Mwanga haupiti ndani yake, kwa hiyo hata kioo chenye kasoro ndani kinafaa, mradi uso wake ni mzuri. Fedha mpya inarudisha zaidi ya sehemu 9 kwa 10 za mwanga. Na siku fedha ikiingia weusi, unaiyeyusha na kuweka nyingine, bila kugusa umbo la kioo. Ujerumani, Karl August von Steinheil alikuwa amefikia wazo lilelile karibu wakati mmoja. Lakini Foucault alikwenda mbali zaidi, kwa sababu alijiuliza: nitajuaje kama umbo la kioo changu ni sawa?

Wembe unasema ukweli

Mbele ya Foucault, fundi alisugua kioo, akakiweka kwenye darubini, akangoja usiku, akatazama nyota. Picha ikiwa mbaya, alijua kwamba kioo ni kibaya, lakini hakujua wapi. Alirudi kusugua kwa kubahatisha.

Jaribio la Foucault, ambalo alilichapisha mwaka wa 1859, linafanyika ndani ya chumba chenye giza. Unaweka taa yenye tundu dogo sana mbele ya kioo, kwa umbali mara mbili ya ule ambao kioo kinakusanyia mwanga wa nyota. Mwanga unakwenda, unapiga kioo, unarudi na kukutana kwenye nukta pembeni ya taa. Hapo unaleta ukali wa wembe polepole, jicho lako likiwa nyuma yake.

Kama wembe uko mbele ya nukta, karibu zaidi na kioo, utaona kivuli kikiingia juu ya kioo kutoka upande uleule wembe unapotokea. Kama uko nyuma ya nukta, karibu zaidi na jicho, kivuli kinatoka upande wa pili. Na wembe ukikata kwenye nukta kabisa, kioo chenye umbo la mviringo kamili kinaingia giza chote kwa mara moja, kama taa inayozimwa.

Kama umbo lina kosa, giza haliji sawasawa. Unaona vilima na mabonde juu ya kioo, kama vile jua la jioni linavyoonyesha kila jiwe kwenye uwanja wa lava. Kilima chenye unene wa sehemu 1 kwa 1 000 ya unywele kinaonekana kwa macho, bila chombo cha bei. Fundi anajua sasa ni wapi pa kusugua. Anagusa hapo tu kwa mkono, anapima tena, anagusa tena. Foucault alipeleka vioo vyake hatua kwa hatua namna hiyo, kutoka umbo la mviringo mpaka lile umbo la pekee linalokusanya miale yote ya nyota mahali pamoja.

Kwa njia hiyo alifikia, mwaka wa 1862, darubini yenye kioo cha sentimita 80. Kwa kuwa anga ya Paris haikuwa nzuri, mwaka wa 1864 ilipelekwa Marseille, ikafanya kazi karibu miaka 100. Ndiyo Édouard Stephan aliyoitumia mwaka wa 1877 kugundua kundi la galaksi tano ambalo leo linaitwa kwa jina lake.

Kutoka wembe mpaka moteri

Turudi sasa kwa fundi wa leo anayetaka moteri kwenye darubini yake. Fundi wa redio wa Birere anajua kwamba ndani ya mashine nyingi za kuchapa zilizokufa kuna moteri ndogo zinazokwenda kwa hatua. Nyingi za aina hiyo zinapiga hatua 200 ili kumaliza mzunguko mmoja. Ukiipa hatua 50, inageuka robo ya mzunguko na kusimama. Ni moteri inayoweza kuhesabiwa, na ndiyo sababu inapendwa kwa kazi hii.

Kabla ya kuifunga, hesabu inahitajika. Tuchukue darubini ambayo kioo chake kinakusanya mwanga kwa umbali mara 5 ya upana wake. Nafasi ambayo picha inabaki safi haipiti milimita 0,07 hivi, karibu unene wa unywele. Tuseme mrija mdogo unasogea milimita 20 kila kitufe chake kikizunguka mara moja. Ukifunga moteri moja kwa moja kwenye kitufe, hatua moja ni milimita 0,1. Moteri itaruka nukta bila kuigusa. Ukiweka meno ya gia yanayopunguza mwendo mara 10, hatua moja inakuwa milimita 0,01, na sasa kuna hatua 7 ndani ya nafasi nzuri. Watu wengi wanaoshindwa hawashindwi na umeme. Wanashindwa kwa kuruka hesabu hiyo.

Shida ya pili ni mchezo wa meno. Ukigeuza moteri kurudi nyuma, meno yanatembea kidogo bila kusukuma kitu, na hesabu ya hatua inadanganya. Dawa yake ni ya zamani: maliza kila mara kwa kusukuma kutoka upande uleule, ao weka springi inayovuta meno upande mmoja.

Shida ya tatu ni baridi ya usiku. Mrija wa aluminiamu wenye meta 1 unapungua milimita 0,023 hivi kwa kila digrii inayoshuka. Digrii zikishuka 4, nukta imehama kuliko nafasi yote tuliyohesabu. Picha iliyokuwa safi saa mbili za usiku inaweza kuharibika saa sita bila mtu kugusa kitu. Hapo moteri inalipa makuta yake: mtu anabonyeza kitufe cha waya mrefu, anaongeza hatua chache, darubini haitetemeki. Betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha, na usiku ambao umeme umekatika mtaani ndio usiku mzuri wa kutazama.

Lakini hatua ya ngapi ndiyo sawa? Hapa Foucault anarudi. Wapiga picha wa nyota walichukua wembe wake kutoka chumba cha giza na kuuweka mahali pa kamera. Nyota inaachwa ipite polepole juu ya ukali. Ikififia pole-pole, bado hujafika. Ikizimika kwa mara moja, umefika, na sasa unaandika namba ya hatua. Moteri inasukuma, wembe unaamua. Mtu aliyeanza na moteri bila kuwa na njia ya kupima ameunda tu njia ya haraka ya kukosea.

Mlango unafunguka, kwa muda mfupi

Foucault mwenyewe alijali sana mwendo wa mashine. Darubini inayofuata nyota inapaswa kuzunguka mara moja kwa saa 23 na dakika 56, bila kuharakisha wala kuchelewa. Katika wakati wake mashine ilisukumwa na uzito unaoshuka, kama saa ya ukutani. Miaka yake ya mwisho aliitumia sana kuunda vyombo vya kushikilia mwendo usibadilike, kwa darubini na kwa mashine za viwanda. Alifikiria pia chombo chenye kioo kinachofuata nyota na kutuma mwanga wake daima upande mmoja, ili mtazamaji akae mahali pake. Kilimalizika yeye akiwa amekwisha kufa.

Akademia ya Sayansi ilimkataa zaidi ya mara moja. Fizeau, rafiki wa zamani, aliingia mwaka wa 1860. Foucault aliingia mwezi wa kwanza mwaka wa 1865 tu, kisha penduli, jiroskopu, mwendo wa mwanga na darubini. Alikuwa na miaka 45.

Alibakiwa na miaka mitatu. Katikati ya mwaka wa 1867 mwili ulianza kumsaliti: viungo vilipooza, kisha macho na usemi vikaanza kumtoka. Waliochunguza habari zake wanafikiri ulikuwa ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu. Mtu aliyefundisha wengine kuona sehemu 1 kwa 1 000 ya unywele alimaliza siku zake bila kuweza kutazama kupitia lenzi. Alizikwa kwenye makaburi ya Montmartre. Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mwaka wa 1889, jina lake lilikuwa kati ya majina 72 ya wataalamu yaliyoandikwa juu ya chuma chake.

Mama yake alibaki. Yeye aliyemtoa shuleni na kumwekea walimu nyumbani ndiye aliyechapisha, mwaka wa 1878, maandishi yote ya sayansi ya mtoto wake katika kitabu kimoja, ili kazi isipotee. Bila kitabu hicho, mengi yangebaki yametawanyika katika magazeti na ripoti.

Kinachobaki

Goma haikosi mikono. Mji ulioujaza ulimwengu picha za chukudu, kigari cha mbao kinachobeba mamia ya kilo kwenye mteremko, unajua maana ya kuunda chombo bila kiwanda. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua ambayo Foucault hakuiruka hata siku moja: kupima mbele ya kusifu, na kupima tena kisha kugusa.

Kioo cha kusuguliwa kwa mkono, taa yenye tundu la sindano, wembe mmoja na chumba chenye giza: hivyo vyote vinaweza kupatikana katika darasa la shule ya sekondari hapa mjini. Moteri ya mashine ya kuchapa itakuja baadaye. Mwanafunzi atakayeona kivuli kikiingia juu ya kioo alichokisugua mwenyewe, na kujua kutokana na upande wa kivuli hicho kama yuko mbele ao nyuma ya nukta, atakuwa amefanya kazi ileile iliyofanywa Paris mwaka wa 1859, na kwa vyombo vilevile.